SMG, SAR, Mark 4 na "rifle": ukitaka kujua aina ya bunduki, anza na ganda la risasi

Kamwene wakuu.

Mleta mada amesikia redioni taarifa ya polisi iliyotaja SMG moja (submachine gun), SAR moja (semi-automatic rifle), "rifle" mbili na magobole kadhaa, yote yamekamatwa kwa kundi moja la watu. Anauliza hizo zinatofautiana nini hasa, na kama risasi ya moja inaweza kuingia kwenye nyingine. Waliotangulia wamejibu kwa kutaja nchi zilizotengeneza: hii ya Mrusi, hii ya Mchina, ile ya Mwingereza. Nchi haikusaidii sana. Mrusi huyo huyo ametengeneza bunduki zinazofanana kwa sura kama mapacha na zisizoweza kupokezana hata risasi moja.

Nitajibu kwa njia niliyofundishwa kazini. Nilipitia JKT pale Mafinga, kisha nikawa askari wa wanyamapori ukanda wa Pawaga na Idodi, kandokando ya Hifadhi ya Ruaha. Kwenye kazi ile bunduki yenyewe unaiona mara chache, kwa sababu mwenye nayo ameshakimbia. Unachokuta ni mzoga, nyayo na maganda ya risasi. Tukifika kwenye mzoga wa tembo, mzee aliyekuwa anaongoza doria yetu alikataza mtu yeyote kusogea mpaka maganda yote yaonekane yalipo. Baadaye tuliyapanga juu ya daftari, tukayapima kwa rula ya kawaida ya mwanafunzi, tukaandika urefu, umbo, aina ya chuma na maandishi ya kwenye kitako cha ganda. Kutokana na hayo tulijua tunafuata watu wenye silaha gani, na hilo liliamua tuwafuate vipi. Hiyo ndiyo sababu nasema anza na ganda.

Risasi nzima ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, ganda, baruti ndani ya ganda, na fataki ndogo kwenye kitako inayopigwa na pini ili kuwasha baruti. Risasi za kijeshi huitwa kwa namba mbili za milimita. Ukiona 7.62×39, namba ya kwanza ni upana wa tundu la mtutu na ya pili ni urefu wa ganda. Mtutu wa bunduki una mifereji iliyojipinda ndani yake, inayokizungusha kichwa cha risasi ili kiruke kimenyooka, na hiyo 7.62 hupimwa kutoka tuta hadi tuta, bila kuingia kwenye mifereji. Kichwa chenyewe ni kinene kidogo kuliko hapo, ndiyo maana kinang'ata mifereji na kuzunguka.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mabishano mengi ya vijiweni yanapozaliwa. Kuna 7.62×25 ya bastola za Kirusi za zamani, kuna 7.62×39 ya Kalashnikov, kuna 7.62×51 ya nchi za NATO, na kuna 7.62×54 ya Kirusi yenye ukingo uliotokeza kwenye kitako. Zote ni 7.62. Ukisikia namba hiyo peke yake umesikia jina la baba tu, hujaambiwa ni mtoto yupi. Anayekwambia "hii ni bunduki ya 7.62" hajakwambia bado kama inafaa mita 50 au mita 800.

Ukipanga risasi kwa nguvu, jamaa za silaha zinajitokeza zenyewe.

Chini kabisa zipo risasi za bastola. Maarufu kuliko zote ni 9×19, iliyoanza mwaka 1902 Ujerumani. Kichwa chake kina gramu 8 hivi na kinatoka kwa mwendo wa mita 360 kwa sekunde, nguvu yake kama jouli 500. Ukichukua risasi hiyo ya bastola ukaiweka kwenye silaha ndefu inayomimina mfululizo, unapata kile ambacho wataalamu wa dunia nzima wanakiita SMG. Sten ya Waingereza, MP 40 ya Wajerumani na Uzi ya Israeli ni za jamii hiyo. PPSh ya Warusi nayo imo, ila inatumia 7.62×25. Ni silaha za karibu, za kwenye nyumba na mahandaki. Ukipita mita 200 hazina la maana.

Juu yake ndiyo risasi ya kati, na hapa ndipo ilipo silaha ya askari wa kawaida karibu kila jeshi la leo. 7.62×39 ina kichwa cha gramu 8 kinachotoka kwa mita kama 715 kwa sekunde, nguvu ya jouli 2,000. Linganisha na ile ya bastola: uzito wa kichwa ni ule ule, mwendo ni mara mbili, nguvu ni mara nne. Wamarekani wana 5.56×45, kichwa chepesi cha gramu 4 kinachokwenda zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Warusi walileta 5.45×39 mwaka 1974, na Wachina wana ya kwao, 5.8×42.

Kisha ipo risasi kamili, ile ya bunduki za vita viwili vya dunia: .303 ya Waingereza (namba zinazoanza na nukta hupimwa kwa inchi), 7.92×57 ya Mauser ya Wajerumani, 7.62×54 ya Warusi ambayo imekuwapo tangu 1891 na mpaka leo inapigwa, na 7.62×51 ambayo NATO waliipitisha mwaka 1954. Hizi zina jouli 3,000 na zaidi. Juu kabisa zipo 12.7 na 14.5 za kupigia magari, ndege na kuta. Risasi ya 12.7×99 inabeba zaidi ya jouli 15,000, na huo si tena mzigo wa bega la askari wa doria.

Kwa hiyo tuje kwenye SMG ya taarifa ya polisi. Wakuu, ile SMG ya Tanzania kwa kawaida ni bunduki ya jamii ya Kalashnikov, na inatumia 7.62×39, risasi ya kati. Kwa kipimo cha risasi haimo kabisa kwenye jamii ya Sten na Uzi. Nimeona vijana wakibishana na askari wakongwe hapa, kijana anasema "hiyo ni bunduki ya mashambulizi", mkongwe anasema "hiyo ni SMG, nimeibeba miaka yote". Wote wanazungumzia chuma kile kile.

Sababu ipo kwenye historia. Maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalianzia kambi ya Colito, Dar es Salaam. Jeshi lile la Tanganyika Rifles, lililorithiwa kutoka kwa King's African Rifles pamoja na silaha zake za Kiingereza, likavunjwa. JWTZ ikaundwa Septemba 1964, na mwaka huo huo wakufunzi wa Kichina wakaanza kufika, na silaha za Kichina zikafuata. China walikuwa wametengeneza silaha tatu kwa mifano ya Kirusi, zote wakazipa namba 56 kwa sababu zilipitishwa mwaka 1956, zote zinatumia risasi ile ile ya 7.62×39. Kalashnikov yao waliiandikisha rasmi kama SMG aina ya 56. Simonov yao ya kupiga moja moja waliiandikisha kama bunduki ya kujijaza yenyewe, aina ya 56. Na ile ya Degtyarev yenye mkanda wa risasi 100 ndani ya ngoma wakaiita rashasha nyepesi, aina ya 56. Hizo ndizo SMG, SAR na LMG (light machine gun, yaani rashasha nyepesi) za askari wetu. Majina yanafuata kazi ndani ya kikosi: mwenye SMG anasogea na kumimina, mwenye SAR analenga moja moja, mwenye LMG anawafunika wenzake. Kwa mpangilio wa kikosi majina hayo yana mantiki kabisa. Kwa mpangilio wa risasi, hizo tatu ni ndugu wa tumbo moja.

Hata Wajerumani walipitia mkanganyiko huo huo. Bunduki yao ya kwanza ya risasi ya kati, yenye ganda la 7.92 lililofupishwa kutoka milimita 57 hadi 33, ilianza kazi ikiwa na jina la SMG, MP 43 kisha MP 44, ndipo mwaka 1944 ikabatizwa jina jipya la bunduki ya mashambulizi, StG 44. Tangu hapo jamii hiyo inatambulika kwa mambo matatu kwa pamoja: risasi ya kati, uwezo wa kuchagua kupiga moja moja au mfululizo, na magazini (kisanduku cha risasi) inayochomoka. Likikosekana moja, umetoka kwenye jamii hiyo. SAR inakosa mawili, haimimini mfululizo na magazini yake ya risasi 10 imefungwa kwenye mwili wa bunduki. Ndiyo maana haiingii, ingawa risasi yake ni ile ile.

Hapo nimegusa kipimo cha pili, namna bunduki inavyojijaza. Hiki nakieleza kwa mifano ya nyumbani, maana mkoa wa Iringa umeona karibu kila hatua yake.

Gobole linajazwa kwa mdomo wa mtutu: baruti, kitambaa au majani ya kushindilia, kisha vipande vya nondo au gololi. Halina mifereji ndani. Kwenye mzoga haliachi ganda. Linaacha mabaki ya kushindilia yaliyoungua na kidonda kilichochanika vibaya. Ukikuta tembo au nyati ana tundu la kutisha na hakuna ganda hata moja baada ya kutafuta vizuri, fikiria gobole kwanza, ingawa majangili wazoefu nao huokota maganda yao.

Hatua inayofuata ni ile ya Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilivamiwa na Wahehe pale Lugalo kikamalizwa, na Zelewski mwenyewe akafa. Bunduki za Wajerumani zilikuwa Mauser za mfumo wa 1871: bolti (chuma cha nyuma ya mtutu kinachofunguliwa na kufungwa kwa mkono), risasi moja tu, milimita 11, kichwa cha risasi cha gramu 25, baruti nyeusi. Kwa silaha ya shamba wazi ilikuwa nzuri. Lakini askari anapiga moja, anafungua bolti, ganda linatoka, anaingiza nyingine kwa mkono, anafunga, analenga. Mpiganaji wa Mkwawa mwenye mkuki akitokea kichakani hatua chache tu kutoka njiani, muda huo haupo. Wahehe waliondoka na bunduki takriban 300 siku ile. Kambi ya Colito baadaye ilibadilishwa jina ikawa Lugalo, na nadhani wengi wanaopita pale Dar hawajui kwamba jina hilo limetoka huku kwetu.

Baruti nyeusi ina tabia nyingine iliyoamua mambo: moshi. Ukipiga, wingu jeupe linakutangaza ulipo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika Mashariki zilikuwa bado na hizo Mauser za 1871, wakati Waingereza walikuwa na .303 isiyo na moshi na yenye magazini ya risasi 10. Mauser mpya za 1898 ziliongezeka pale meli ya Rubens ilipofikisha shehena yake karibu na Tanga mwaka 1915. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipopanda kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1916, yakapigana Malangali mwezi Julai na kuingia Iringa mwishoni mwa Agosti, jamii zote mbili za risasi zilikuwa zinapishana kwenye vilima hivi hivi. Anayesema silaha ni mtutu tu afikirie askari mwenye moshi na askari asiye na moshi wakitazamana ng'ambo ya bonde.

Hiyo .303 ndiyo mzizi wa "Mark 4" inayotajwa kwenye taarifa nyingi za polisi. Ni Lee-Enfield namba 4, iliyoenea katika Vita vya Pili vya Dunia: bolti ya kukoki kwa mkono kila risasi, magazini ya risasi 10, risasi kamili. Ganda lake ni la shaba, lina ukingo uliotokeza kwenye kitako, lina shingo, na urefu wa milimita 56. Kwenye kitako mara nyingi utaona herufi za kiwanda, mwaka, na VII kwa namba za Kirumi. Polisi wanaposema "rifle" bila maelezo zaidi, mara nyingi wanamaanisha bunduki ya aina hii au ya kiwindaji, yenye bolti.

Baada ya bolti za mkono zikaja zinazojijaza zenyewe, nyingi kwa gesi inayochepushwa kutoka kwenye mtutu na kurudisha bolti nyuma. Zipo zinazopiga moja kwa kila mvuto wa triga, kama SAR, na zipo zenye swichi ya kuchagua, kama SMG yetu. Ukiunganisha kujijaza na risasi kamili unapata jamii nyingine: FAL ya Wabelgiji, G3 ya Wajerumani, M14 ya Wamarekani, zote 7.62×51. Huku kusini hizi si ngeni. Wareno walikuwa na G3 waliyoitengeneza wenyewe wakati wa vita vya Msumbiji, na FAL ilikuwa silaha ya Rhodesia na ya Afrika Kusini. Zinapiga mbali na kwa nguvu. Ukizimimina mfululizo zinaruka mkononi, risasi ya pili na ya tatu zinakwenda mbinguni.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini majeshi yalishuka kwenda risasi ya kati, na mimi nitawaeleza kwa mabega yangu. Risasi moja ya 7.62×51 ina uzito wa gramu kama 24. Ya 7.62×39 ina gramu 16 au 17. Ya 5.56 ina gramu kama 12. Askari mwenye risasi 120 anabeba karibu kilo 3 kwa ya kwanza, kilo 2 kwa ya pili, kilo moja na nusu kwa ya tatu, kabla ya magazini, maji, chakula na bunduki yenyewe. Anayepanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka tambarare ya Pawaga saa 7 mchana haoni tofauti hiyo kuwa ndogo. Na mapigano mengi ya askari wa miguu hutokea ndani ya mita 300 au 400. Kubeba nguvu ya kupiga mita 1,000 ambayo hutaitumia ni kujiumiza bure.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaliamini nikiwaambia. Bunduki za kuwindia wanyama wakubwa zina nguvu kuliko bunduki za kawaida za askari. Ganda la .458 linalotumika kwa tembo na nyati halina shingo, limenyooka kama bomba, lina milimita 63 na nusu, na juu kidogo ya kitako lina mshipi wa chuma. Risasi yake ina zaidi ya jouli 6,000, mara tatu ya SMG. Ganda la .375 ni refu zaidi, milimita 72, nalo lina mshipi. Kwa hiyo tulipokuta mzoga na ganda moja au mawili yenye mshipi, tulijua mpigaji ni fundi, ana bunduki ya kiwindaji yenye bolti, amesogea karibu sana, na pengine kuna mtu mwenye leseni aliyeiazima au kuibiwa. Tulipokuta maganda madogo ya milimita 39 yametapakaa chini kama njugu, tulijua ni SMG au SAR, na mnyama ameteseka, kwa sababu risasi ile haikuundwa kwa mfupa wa tembo. Wakati ujangili ulipopamba moto ukanda wa Ruaha, maganda ya aina zote mbili yalikutwa porini, wakati mwingine kwenye tukio moja. Kila tukikuta yale ya 39, doria ilibadilika: hatukuwafuata kwa mstari mmoja tena, tulipeana nafasi, kwa sababu mwenye SMG anaweza kumwaga risasi 30 kabla hujapiga goti.

Kwa hiyo kinachoifanya bunduki kuwa ya kijeshi ni kazi iliyokusudiwa, wingi wa risasi na mfumo wa kupiga. Nguvu ya risasi moja haikwambii hilo. Na hata kichwa cha risasi kinakusaidia. Azimio la The Hague la 1899 linakataza vitani risasi zinazopanuka ndani ya mwili, kwa hiyo vichwa vya risasi za kijeshi hufunikwa kwa chuma mpaka nchani. Vya uwindaji mara nyingi huacha madini laini ya risasi yakiwa wazi mbele ili kipanuke na mnyama afe haraka. Tukikuta kichwa kimekwama mwilini, hilo lilikuwa la kwanza kuangalia.

Rangi za nchani nazo zisiwadanganye. Kwenye 7.62×39 ya mfumo wa Kirusi na Kichina, ncha ya kijani ni risasi inayoacha mstari wa moto hewani ili mpigaji aone inakokwenda. Kwenye 5.56 ya Wamarekani, ncha ya kijani ni risasi ya kawaida yenye kipande cha chuma kigumu ndani. Rangi moja, mifumo miwili, maana mbili.

Umbo ndilo linalodanganya kuliko vyote. RPK inafanana na Kalashnikov lakini ni rashasha nyepesi yenye mtutu mrefu na mzito. Dragunov, bunduki ya mdunguaji ya Kirusi ya mwaka 1963, mtu asiyejua ataiita Kalashnikov ndefu, wakati inatumia 7.62×54, risasi kamili, na ndani imejengwa tofauti. Vz. 58 ya Czechoslovakia ina sura ile ile na risasi ile ile ya 39, lakini ukiifungua hakuna kipande kinachoingiliana. Hata Saiga ya Kirusi ipo yenye mwili wa Kalashnikov inayopiga risasi za shotigani. Na zipo ambazo magazini imekaa nyuma ya triga ili bunduki iwe fupi bila kukata mtutu, kama AUG ya Austria na QBZ-95 ya Wachina. Sura ngeni, lakini ukishika risasi zake utaona ni za kati kama wenzake.

Mpangilio huu hausimami milele. Mwaka 2022 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichagua bunduki mpya yenye risasi ya 6.8×51, yenye nguvu kuliko 5.56, kwa sababu ya fulana za kuzuia risasi. Hiyo inarudi upande wa risasi kamili, baada ya miaka 60 ya kwenda upande mwingine. Mimi naona watajutia uzito, lakini wao wana magari mengi kuliko sisi tuliokuwa tunatembea.

Nirudi kwenye swali la pili la mleta mada, la kupokezana risasi. Kwenye ile taarifa aliyoisikia, risasi ya SMG inaingia na kupigwa kwenye SAR bila shida yoyote, na kinyume chake, kwa sababu ni 7.62×39 zote. Magazini hazibadilishani. Zile "rifle", kama ni Mark 4, hazipokei hata moja ya hizo: .303 ni ndefu na nene zaidi kitakoni, ingawa kipenyo cha kichwa kinakaribiana. Gobole halipokei risasi ya kiwanda ya aina yoyote. Kuna mafundi wa mitaani wanaojaribu kuligeuza lipokee, na nimeshuhudia mkono wa mtu uliobaki baada ya jaribio hilo. Mtutu wa bomba la maji hauna uwezo wa kuzuia shinikizo la risasi ya kijeshi, na mlipuko unarudi usoni kwa anayelenga.

Mwisho, kwa wale wanaolima maeneo yaliyopiganiwa 1916, na wale wanaochunga karibu na hifadhi. Ukikuta risasi nzima, yaani yenye kichwa bado, usiigonge, usiitie motoni, usiwaachie watoto waichokonoe kwa msumari. Fataki ya zamani inaweza kuwa bado hai hata ganda likiwa limeota kutu ya kijani. Weka alama mahali hapo, mwambie mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu, na kama unaweza kusoma maandishi ya kitakoni bila kuigusa, yaandike. Usiende nayo nyumbani kama kumbukumbu: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahusu risasi pia, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa hata kama huna bunduki ya kuipigia.